Kibao Nambari Arubaini na Moja

Kazi yangu ni vibao.
Bati nalikata kwa mkasi wa fundi bomba,
napiga nyeusi, ikikauka nafuata nyeupe,
kwa mkono usiotulia mpaka chai ya pili.
Mkarafuu. Mdalasini. Mshokishoki.
Mpapindi, mwembamba kama mtu aliyeamka na homa.
Chini ya kila jina nakopi lile la Kilatini
herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni
anayesoma vizuri asichokielewa.

Bustani yetu ipo Limbani, Wete,
hatua chache kutoka tangi la maji.
Jumatano kina mama hujifunza kubebesha michungwa;
visu vyao vikali, maneno yao zaidi.
Jumamosi ni skuli.
Mwisho wa mwezi Mwalimu Asaa
huleta wanafunzi wake wasioona:
hao hawana haja nami,
hufikicha mchaichai, hufikicha mlangilangi,
wakacheka kabla hujawaambia.
Mmoja, Faki, alipitisha kidole kwenye bati langu:
"Fundi, hapa rangi imekuvimbia."
Kweli. Ilikuwa imevimba.

Kulikuwa na mti mmoja pembeni
uliotangulia ua, ukatangulia na tangi.
Bwana Khatibu, mtaalamu wetu,
alipekua vitabu vyake vyote viwili,
akatia jani kwenye bahasha, akalipeleka Unguja.
Bahasha hadi leo ipo safarini.
Kibao cha arubaini na moja kikakaa kitupu
mwaka, na masika juu yake.

Asubuhi moja nikamwuliza Mize, anayefagia:
"Huu kwenu Makangale mwauitaje?"
Akasimamisha fagio.
Akatazama juu, akatazama chini.
"Mkiwa," akasema.

Nikaandika.

Basi wanafunzi wakanakili.
Mwalimu akataka wingi wake,
darasa zima likapiga ukelele: "Mikiwa!"
Bwana Khatibu akautia kwenye ripoti, ukurasa wa sita.
Mgeni wa wizara akapiga picha, akasema
jina zuri, la kienyeji hasa.

Ikafika Rajabu. Mize akanijia bandani,
kanga kaikaza kichwani, kama mwenye kwenda kushitaki.
"Shaame, kibao chako kile nimekitia uongo.
Mkiwa si mti. Mkiwa ni mdogo wangu.
Surua ilimchukua, meno ya utoto hayajang'oka.
Kaburi lake limelaliwa na barabara.
Siku ile nilikuwa naye kichwani,
ukaniuliza jina,
likatoka lile lililokuwa mdomoni."

Nikachukua mkopo wa rangi nyeusi,
nikenda mbele ya mti.
Kifuniko kiligoma; nikakifungua kwa bisibisi.
Rangi ilikuwa imeota ngozi.
Nikasimama hapo, brashi kavu mkononi,
najiuliza huyo wa kwanza
aliyeuita mdalasini mdalasini
alikuwa kaambiwa na nani.
Na mti nao
ulikuwa ukidondosha vijani vyake kama kila siku,
kazi ya Mize.

Nikafunika mkopo.
Bwana Khatibu sijamwambia. Nyinyi ndio wa kwanza.

Mbegu zake tulizitia kwenye vifuko vyeusi
kando ya mbilimbi, penye kivuli.
Zimeota kumi na saba.
Mize anaimwagilia miche kwa kopo la maziwa,
anaihesabu kwa kidole, halafu anairudia.
Mtu akiwa mkiwa, wenziwe ni wakiwa,
kila mmoja na wake.
Hii ni mikiwa,
imebanana hata majani hayajui ya nani.

Tuna mpango na hospitali:
anayejifungua hupita kwetu, akapewa mche.
Jana alikuja binti wa Jadida,
kichanga cha siku nne begani,
akaashiria kwa kidevu: "Nipe ule."
Mize akapangusa matope kwenye kifuko.
"Mtoto nani jina lake?"
"Bado. Babu yake anabishana na baba yake."
"Basi chukua huu," Mize akamwambia.
"Wenyewe unalo."